Nikipanda kilima na baiskeli miguu inawaka moto katikati, nifanyeje?

SWALI: Habari kocha. Nina baiskeli ya gia 21, kwenye tambarare niko poa kabisa ila kuna kilima cha kama km 2 kinanitesa. Naanza nacho kwa kasi ili nikimalize haraka, nikifika nusu mapaja yanawaka, miguu inakuwa mizito, nashuka nasukuma. Ina maana mapaja yangu hayana nguvu? Nianze kunyanyua vyuma?

JIBU: Salama ndugu yangu. Vyuma vitakusaidia baadaye ila sidhani kama tatizo liko kwenye mapaja, jibu umeshalitoa mwenyewe pale uliposema "naanza nacho kwa kasi". Pale mwanzo unajisikia una nguvu kwa sababu misuli bado ina akiba ya haraka, hiyo akiba inaisha mapema sana, halafu misuli inadai nishati kuliko oksijeni inayofika, ndio inaanza kuchoma sukari bila oksijeni ya kutosha na mabaki yake yanajaa, hapo ndo moto unawaka. Kwenye tambarare ungelegeza kidogo yakapungua, kilimani huwezi maana ukilegeza unasimama. Na kumbuka mlimani unapigana na uzito wako na wa baiskeli, ukitaka kwenda mara 2 ya mwendo unahitaji nguvu karibu mara 2, hakuna mteremko wa kukusaidia.

Kwa hiyo dakika 3 za kwanza panda taratibu mpaka uone kama unajichelewesha. Kipimo changu ni pumzi, kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukatika, umezidisha, punguza. Nimefundisha watu wengi na hapa ndipo wanapobisha sana, wanaona aibu kupitwa pale chini, wakijaribu wanakuta wale waliowapita wamesimama juu wanahema.

Sasa gia. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma, mfano mbele 42 nyuma 14, kila ukizungusha pedali mara moja tairi linazunguka mara 3, ni kama mita 6 hivi. Ukiweka mbele 28 nyuma 28 tairi linazunguka mara 1 tu, kama mita 2, yani kila mzunguko unanyanyua mzigo mdogo zaidi na moyo na mapafu yanabeba sehemu kubwa ya kazi badala ya mapaja peke yake. Lenga kuzungusha mara 70 mpaka 80 kwa dakika, ukijikuta uko 50 na unasukumia na mabega, gia ni nzito. Na badilisha KABLA mwinuko haujakubana, ukisubiri mpaka unakandamiza kwa nguvu zote cheni inakwaruza, gia inakataa kuingia, mwendo unakufa na kuuanzisha upya ndo kunakomaliza miguu.

Siti pia icheki, nyingi naziona ziko chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo, hapo ni sawa. Ipandishe kidogo kidogo, sio mara moja. Upepo wa matairi na breki inayogusa rimu angalia kabla hujatoka, ni dakika moja tu.

Kusimama juu ya pedali sio kosa ila kunakula pumzi, mi nasimama kama sekunde 15 kuipumzisha misuli iliyochoka halafu nakaa, na kabla ya kusimama naongeza gia moja iwe nzito kidogo nisije nikazungusha hewa. Mikono ilegeze, ukibana usukani unapoteza nguvu bure.

Kama kilima kiko mwishoni mwa safari ya zaidi ya saa moja, kula njiani usisubiri njaa, wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa inatosha.

Panda kilima kwa namna hii mara 2 au 3 kwa wiki, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Ila kuwaka kwa mapaja kunaisha dakika chache baada ya kupumzika, kama unachosikia ni maumivu ya goti yanayobaki mpaka kesho yake, acha vilima kwanza, rekebisha siti na uende ukaonwe na daktari.