Kidonda kisichofunga: kwenu wauguzi mnaoanza

Chuoni kidonda kilikuwa na mwisho wake: damu inaganda, nyama mpya inaota, ngozi inafunga. Kisha nikapangiwa timu ya kutembelea wagonjwa majumbani, na mgonjwa wangu wa kwanza akawa mama mwenye saratani ya titi iliyokwisha kupasua ngozi. Nikabandua gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) iliyokauka, nikasugua kama nilivyofundishwa. Damu ikachuruzika, mama akang'ata ncha ya kanga. Nilipomaliza nikamwambia, "Kitapona tu, mama."

Akaniangalia. "Sista, hata wewe?"

Kiswahili kilikuwa na jina la kidonda cha namna hii kabla ya kozi zetu: donda ndugu. Mimi hulisikia kama kidonda kilichohamia nyumbani, kinakula na kulala na mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya glovu, jiulize: hiki kinaweza kufunga? Kuna kinachoweza. Kuna ambacho kingeweza, ila sukari iko juu, au mwenyewe anashinda amesimama kibandani akikaanga chipsi, na asiposimama watoto hawali. Huyo usimkaripie, tafuteni pamoja kinachowezekana. Na kuna kisichoweza: uvimbe wa saratani uliopasuka, mguu usiofikiwa na damu na upasuaji hauwezekani, ngozi ya mtu aliye katika siku zake za mwisho. Kidole cha mguu kilichokauka kikawa cheusi usikiloweke wala usikikwangue. Gusa upande wa juu wa wayo utafute mapigo ya damu. Yasipokuwepo, unyevu utageuza ukavu ule kuwa uozo. Paka iodini, funga kikavu, mpeleke kwa daktari.

Kidonda kikiwa cha aina hiyo ya tatu, muulize mgonjwa kinamsumbua nini zaidi. Nilidhani mama yule atasema maumivu. Akasema harufu. Alikuwa amehamia chumba cha stoo, ameacha kwenda jumuiya, na mjukuu hakuletwa tena apakatwe.

Harufu ile huletwa na bakteria wasiohitaji hewa, wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Vidonge vya metronidazoli, hivi watu wanavyoviita Flagyl, tulivisaga vikawa unga laini, tukanyunyiza kila tulipofunga. Siku chache tu, tofauti ikaonekana. Beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda nalo husaidia. Maji ya kusafishia hayahitaji duka: chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe. Gozi iloweke mpaka iachie yenyewe, usiivute. Ukikosa gozi, kanga kuukuu iliyochemshwa, ikaanikwa juani na kupigwa pasi inafaa, na upakaji wa Vaseline huizuia isigande. Kama ameandikiwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, anywe nusu saa kabla hujaanza. Mimi siku ile nilianza bila kuuliza.

Damu nayo waandae ndugu mapema. Wawe na kitambaa cheusi au chekundu karibu, maana damu kwenye shuka jeupe huonekana nyingi kuliko ilivyo. Wabonyeze dakika kumi bila kuchungulia. Ikijirudia, ulizia tiba ya mionzi: hata dozi moja inaweza kupunguza utokaji wa damu, bila kudai kuponya.

Sasa getini. Mtoto mkubwa atakusindikiza na kukunong'oneza, "Sista, usimwambie." Usigombane naye, anampenda mama yake. Lakini usimwahidi kudanganya. Mimi hurudi ndani nikamuuliza mgonjwa mwenyewe: wengine hupenda kujua kila kitu, wengine hupenda ndugu ndio waelezwe, wewe je? Yule mama alijibu kwamba anajua tangu mwaka jana, ila hataki wanawe wajue kuwa anajua!

Mtoto huyohuyo alitaka kuuza kiwanja anunue dawa ya kukausha kidonda. Hapo kunyamaza ni kumwibia. Mweleze waziwazi pesa itafanya nini na haitafanya nini. Ukikuta unga wa kapsuli za rangi mbili umemwagwa kidondani, uliza kwanza, kemea baadaye, au usikemee kabisa. Na donda likiibuka ghafla juu ya makalio siku za mwisho, ndugu watamtazama mkwe aliyekuwa akimgeuza usiku kucha. Waambie mbele yake kwamba ngozi nayo hufa kama figo zinavyokufa. Muuguzi Karen Kennedy alilieleza donda hilo mwaka 1989, na bado wakwe wanalaumiwa.

Picha za simu, bila ruhusa ya mgonjwa, hapana. Hata kwenye kundi la kazini.

Mama yule aliomba tumfunge Jumamosi jioni ili Jumapili aende jumuiya. Akaenda mara tatu. Wiki ya nne akasema, "Leo usikifungue." Nikabadilisha kanga ya juu, nikakaa kidogo. Fomu ilidai urefu na upana wa kidonda. Nikaacha wazi.