Wasomaji Wanauliza: Lafudhi za Kiingereza Zilivyoachana Njia

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanagusa jambo moja: kwa nini lugha moja inatamkwa namna nyingi hivi. Tumechagua yafuatayo.

Wamarekani wameitoa wapi hiyo "r" yao? Wanafunzi wangu wanaiiga kwenye filamu, nami nawakataza kwa kuwa si Kiingereza cha asili. (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Mwalimu, sababu hiyo haitakusaidia, maana mambo yalikwenda kinyume chake. "R" haikuongezwa Marekani, ilipotea England. Walowezi waliofika Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620 walitoka katika nchi ambako karibu kila mtu aliitamka "r" ya "car" na ya "card". Ndiyo maana maandishi bado yanayo. Kulegea kwake kulishika kasi London na maeneo ya kusini-mashariki katika karne ya 18. Mwaka 1791, katika kamusi yake ya matamshi, John Walker alieleza kwamba "r" ya "card" midomoni mwa watu wa London imefifia hadi kinachobaki ni "a" iliyovutwa tu. Waingereza walipokuja kututawala karne moja baadaye, wengi wao hawakuwa nayo tena. Angalia maneno tuliyoyachukua kwao: kadi, baa, bia, shati, fanicha. Hakuna hata moja lililobaki na "r" yake.

Marekani nako hakukuwa na kauli moja. Boston, New York na Charleston, bandari zilizofanya biashara na London, ziliipokea fasheni ya kudondosha "r". Philadelphia haikuipokea, na ndiko walikoshukia wahamiaji wengi kutoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, wenye "r" nzito, kabla ya kuingia bara. New York iliendelea kuidondosha hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, ndipo heshima ikageuka upande wa pili. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alilipima hilo kwa ujanja. Aliingia maduka makubwa matatu, la matajiri, la watu wa kati na la bei nafuu, akauliza bidhaa aliyokwishajua kuwa iko ghorofa ya nne. Muuzaji akajibu "fourth floor", maneno mawili yenye "r" mbili. Labov akajifanya hakusikia vizuri, ili muuzaji arudie kwa uangalifu zaidi. Kati ya wauzaji 264, walioitamka "r" angalau mara moja walikuwa asilimia 62 katika duka la Saks, 51 kwa Macy's, na karibu mmoja tu kati ya watano kwa Klein, lile la bei nafuu. Waliporudia jibu, "r" ziliongezeka.

Darasani, mwache mwanafunzi achague njia moja, kisha msimamie asiiache. Kinachoharibu ni mchanganyiko: "car" yenye "r" ikifuatwa na "hard" isiyo nayo, au "r" kupachikwa kwenye neno lisiloandikwa nayo. Na akikuuliza kama Waingereza wote wameiacha, mwambie akasikilize wazee wa Devon au wa Blackburn, hukohuko England, sembuse Waskoti.

Nasoma Manchester. Wenyeji wanasema "bus" kwa "u" kabisa, kama tunavyosoma herufi sisi. Wananitania? (Mwanafunzi)

Hawakutanii. Zamani "cup", "but" na "love" zilikuwa na "u" England nzima. Katika karne ya 17 watu wa kusini walianza kuifungua irabu hiyo ikaelekea kwenye "a", lakini wakaiacha palepale katika maneno mengi ambamo inatanguliwa na sauti ya midomo, kama "put", "full" na "bush". Hivyo kusini "put" na "cut" haziimbi pamoja ingawa zimeandikwa sawa. Kaskazini hawakugawa kitu, na maneno yote yamebaki na "u" ileile. "Bus" ni neno la karne ya 19, lilizaliwa mgawanyiko ukiwa umekwishatokea, lakini kila upande ukalitia kwenye kapu lake.

Ukichora mstari kutoka ghuba ya Wash mashariki hadi mdomo wa mto Severn magharibi, unapata takriban mpaka wenyewe. Karibu na hapo unapita mpaka mwingine, wa "bath", "glass" na "laugh". London waliivuta "a" mbele ya sauti za f, s na th, kisha wakaisogeza nyuma ya kinywa. Manchester bado ni fupi. Jihadhari usiigeuze kuwa kanuni ya kila neno, kwani hata London "gas" ni fupi. Anayesema "gaas" anajulikana papo hapo kuwa amejifunza kwa kukariri.

Kwetu Waswahili tatizo ni kwamba "a" yetu ni moja, kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" huwa "kat" zote tatu. Huko Manchester una bahati: isome "cut" kwa "u" ya Kiswahili na hakuna atakayekuuliza mara mbili.

Ukipanda zaidi hadi Newcastle au Scotland utasikia wazee wakisema "huus" kwa nyumba. Ndivyo ilivyotamkwa kila mahali kabla ya mhamo mkubwa wa irabu, uliofanyika takriban kati ya mwaka 1400 na 1700, ambao kusini ulizisukuma irabu ndefu zote mahali papya. Kaskazini "oo" ndefu ilikuwa imekwishahamia mbele ya kinywa, basi hapakuwa na kitu cha kuisukuma "uu", ikabaki. Mitambo ya uchapishaji iliwakuta watu katikati ya safari hiyo: William Caxton alifungua kiwanda chake Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda huku vinywa vikiendelea kusogea. Anayelalamikia tahajia ya Kiingereza aanzie hapo.

Liverpool na Manchester ziko umbali wa kilomita 50 tu. Mbona hazisikiki kama majirani? (Msomaji, Mombasa)

Bandari, ndugu yetu, na wewe wa Mombasa hilo unalielewa kuliko sisi. Baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 Waairishi walimiminika Liverpool, hata kufikia sensa ya 1851 zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa mzaliwa wa Ireland. Watoto wao na watoto wa Lancashire wakacheza mtaa mmoja, na lafudhi mpya ikatoka hapo. Alama yake rahisi ni "k" ya mwisho wa neno: "back" inakwaruza kooni karibu na "kh" ya Kiarabu.

Ni kweli kwamba kwenye milima ya Appalachia, Marekani, bado wanazungumza Kiingereza cha Shakespeare? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Wamehifadhi vitu kadhaa vya kale na wamebuni vingine vingi. Hakuna jamii iliyosimama karne nne bila kubadilika.

Bosi wangu ni wa New Zealand. Aliomba "pen", nikampa pini. Kosa ni la nani? (Karani, Muscat)

Si lako wala si lake. New Zealand irabu fupi zimehama kwa kufuatana, kama abiria wa kiti cha nyuma cha daladala: mmoja akisogea, wote husogea. "Bad" imeisogelea "bed", "bed" imeisogelea "bid", na "bid" imesukumwa katikati ya kinywa, ndiyo maana Waaustralia wanawatania majirani zao kwamba "fish" wanaiita "fush".

Lafudhi hiyo ni miongoni mwa chache ambazo kuzaliwa kwake kumenaswa kwenye sauti. Kati ya 1946 na 1948 gari la kurekodi la redio ya taifa lilizunguka mikoani likiwahoji wazee, wakiwemo watoto wa walowezi wa kwanza. Wataalamu waliozisikiliza rekodi hizo baadaye walikuta kwamba kizazi cha kwanza kilichozaliwa huko kilikuwa na fujo tupu: watu waliokulia kijiji kimoja, kila mmoja na mchanganyiko wake wa Kiskoti, Kiairishi na Kilondon. Waliofuata ndio waliosawazisha, na kwa sehemu kubwa walichukua sauti zilizokuwa na wasemaji wengi. "R" ya Waskoti na Waairishi ilishindwa karibu nchi nzima, isipokuwa kusini kabisa, Southland, ambako Waskoti walikuwa wengi.

Nifanyeje niweze kutambua mtu anatoka wapi? (Mfasiri, Dar es Salaam)

Usianze na mdundo wa sentensi. Mdundo huigwa haraka na hudanganya. Subiri maneno matatu. La kwanza ni "car" likifuatwa na kituo: "r" ikisikika, huenda ni Mmarekani, Mkanada, Mwairishi, Mskoti au mtu wa kusini-magharibi mwa England. Isiposikika, sikiliza "bus" au "cup". "U" inakupeleka kaskazini au katikati ya England. Ikiwa ni "a", sikiliza "pen" na "bad" ujue kama unarudi London au unavuka hadi Auckland.

Mtego upo kwenye "r" ya kuunganisha. Mtu wa London asiyetamka "r" ya "car" huirudisha akisema "car is", kwa sababu irabu inafuata, na huichomeka hata pasipo na herufi: "law and order" humtoka kama "lor-an-oda". Anayehukumu kwa "r" hiyo atampeleka Mlondon hadi Philadelphia. Hesabu tu zilizo mbele ya konsonanti au mbele ya kituo.