Mdogo wangu, kile kifua cha sinema ni cha siku moja

Ujumbe uliingia juzi usiku. "Shikamoo kocha. Nina harusi baada ya wiki 8, fungate tunaenda Zanzibar. Nataka kifua kama hiki, nianzie wapi?" Chini yake kaweka picha ya Hugh Jackman, Wolverine wa 2013, mishipa imemtoka mikononi kama mizizi iliyofukuliwa na mvua.

Marahaba, mdogo wangu. Najibu hapa ili na wenzako wasome, maana ujumbe wa namna hii si wa kwanza. Linalobadilika ni jina la stelingi tu.

Tuanze na huyo huyo uliyemleta. Itafute X-Men ya 2000. Mtu yuleyule, makucha yaleyale, ana miaka 30 na kitu. Akivua shati unaona mwanamume anayefanya mazoezi, basi. Rudi sasa kwenye picha yako: ameshapita 40, na ngozi imebana kwenye misuli kana kwamba imepigwa pasi. Umewahi kumwona mjomba wako akizeeka kwa mtindo huo? Kilichobadilika ni maandalizi ya kabla ya kamera kuwashwa.

Maandalizi yenyewe ni haya. Kwanza muda na pesa. Mwigizaji Kumail Nanjiani alipoweka picha za mwili wake mpya Desemba 2019, aliandika mwenyewe kwamba asingefika pale bila mwaka mzima wa makocha na wataalamu wa lishe waliolipiwa na studio. Wewe una wiki 8 na mshahara wa mwisho wa mwezi. Pili, ile picha ya kifua wazi ina tarehe yake kwenye ratiba, na mwili mzima unaelekezwa kwenye tarehe hiyo. Siku za mwisho wanakatiwa maji ili ngozi ikauke na kushikana na misuli. Jackman ameshaeleza hadharani kwamba hukaa bila maji zaidi ya siku nzima. Henry Cavill alisema kwamba ikifika siku ya tatu unaweza kunusa maji yaliyo karibu. Zac Efron ndiye aliyesema kwa uchungu zaidi: kwa ajili ya Baywatch ya 2017 alitumia dawa za kukojoza, usingizi ukamkimbia, akaingia kwenye mfadhaiko wa muda mrefu.

Tatu, dakika chache kabla ya kupiga picha, mwigizaji anapiga pushapu na kuvuta mikanda ya mpira ili damu ijae kwenye misuli. Uvimbe ule ukimaliza nusu saa ni bahati. Kisha anapuliziwa maji yenye gliserini yafanane na jasho, anatiwa vivuli vya vipodozi, na taa inawekwa ubavuni.

Hili la taa lijaribu leo nyumbani. Zima taa ya chumbani, fungua pazia moja, simama hatua moja kutoka dirishani ubavu ukielekea mwanga. Kila bonde la tumbo linapata kivuli, unajiona mtu. Sasa geuka, uso na kifua vitazame dirisha. Sikspaki imeondoka, na hujala chochote hapo katikati. Robo ya wivu wako ni kazi ya fundi taa.

Kukata maji usijaribu, hasa kwenye joto la pwani, ambako jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Chumvi za mwili zikivurugika unaanza na kukakamaa misuli, unamalizia kwa kuzimia au moyo kwenda kombo, na figo ndizo zinazolipa deni. Na zile sindano na vidonge visivyo na jina vinavyopitishwa chini ya mkeka kwenye baadhi ya gym, hilo nakuambia kama mkubwa wako: homoni ya kiume ikiingizwa kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza ya kwake. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua hadi kukatika. Bwana harusi anajidunga apendeze fungate, miezi sita baadaye yuko foleni ya kupimwa kwa nini mke hapati mimba! Hata Schwarzenegger, bingwa wa mabingwa, ameshakiri kwamba alitumia, na anawaonya vijana waache.

Sasa waangalie wazee wa sinema.

Sean Connery akiwa James Bond kwenye Dr. No ya 1962: bega pana, kifua chenye nywele zake, tumbo bapa lisilo na mstari hata mmoja. Na huyo hakuwa mtu wa kuokotwa mtaani, alikuwa amepanda jukwaa la Mr. Universe London mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yaani mtunisha misuli wa enzi zile, akiwa kazini, ndivyo alivyoonekana. Daniel Craig alipotoka baharini mwaka 2006, Bond ni yuleyule ila kipimo kimehamishwa, na mastelingi waliokuja nyuma yake wamelazimika kukifukuzia.

Miili mingi ya wazee ilitoka kwenye kazi. Charles Bronson alichimba makaa ya mawe Pennsylvania kabla ya vita. Mtazame kwenye Hard Times ya 1975, akiwa ameshavuka 50, anapigana bila shati. Usianze na tumbo. Anza na shingo, shuka kwenye nyama iliyo kati ya shingo na bega, malizia kwenye mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Burt Lancaster alikuwa mwanasarakasi, mtu wa kuning'inia kwenye vyuma, na mgongo wake unakueleza hivyo hata akiwa amevaa shati. Woody Strode, yule anayepigana na Kirk Douglas kwenye Spartacus ya 1960, alikuwa mwanariadha wa mashindano ya michezo kumi. Steve Reeves ndiye pekee kati ya hawa aliyekuwa mtu wa vyuma kwa kazi, Mr. America wa 1947, na hata yeye alifuata kanuni ya uwiano: shingo, mkono uliokunjwa na shavu la mguu vyote kipimo kimoja, inchi 18 na kidogo. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime hivyo vitatu. Kwa vijana wengi wa gym mkono unaongoza, shingo inafuata kwa mbali, na shavu la mguu limesahaulika kabisa, ndiyo maana wakivaa kaptula wanafanana na kuku wa kisasa.

Halafu kuna John Wayne. Huyu alifika kwetu: sinema yake ya Hatari! ilipigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha na Momela, ikatoka 1962, na waigizaji walikimbiza na kunasa wanyama kwelikweli. Mzee ameshapita 50, kitambi kipo, unakiona. Lakini urefu wa sentimita 193 na mabega ya mcheza mpira wa Kimarekani vinajaza gari la kukimbizia wanyama mpaka hakuna anayeuliza habari za tumbo. Anatembea polepole. Anakata sentensi katikati, anapumzika, anamalizia. Mikono yake haichezichezi. Lee Marvin alijeruhiwa vitani Saipan mwaka 1944 akiwa askari wa majini, naye ukimwangalia kwenye sinema amekaa tu kwenye kiti, unajua huyu si wa kuchezewa. Stelingi wa leo akitaka tuamini hivyo anavua shati. Sisemi wa leo hawajui kuigiza, nasema wamenyang'anywa nafasi ya kukaa kimya. Na nyinyi vijana mmeiga kuvua shati, kutulia mmeacha.

Msiwafanye malaika lakini. Wayne alitolewa pafu mwaka 1964 kwa saratani, na nywele zile zilikuwa za kubandika. Humphrey Bogart alikufa 1957 na miaka 57 tu. Yul Brynner aliondoka 1985 kwa saratani ya mapafu. Sigara waachie wenyewe, mabega chukua.

Kwa wiki 8, kijana anayeanza, akila na kulala, anaongeza misuli kilo 1 hadi 2. Mafuta anaweza kushusha nusu kilo kwa wiki bila kujidhuru. Kilo 2 zile ukizitawanya mwili mzima hazionekani. Zipeleke juu: shingo, mabega, mgongo wa juu, mikono. Huko ndiko macho ya watu yanakoanzia.

Gym si lazima. Tafuta madumu mawili ya lita 20. Likijaa maji kila moja lina kilo 21 hivi. Jaza pomoni. Dumu la nusu maji yanacheza ndani, unapopiga hatua yanakuvuta upande, na kiuno ndicho kinachoumia. Mpini unakata vidole, uzungushie kipande cha tyubu ya baiskeli. Beba mkono huu na huu, tembea mita 30, tua, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Hatua fupi, mabega yasining'inie. Ukianza kuyumba, tua. Kuanzia wiki ya 3 weka mchanga mkavu badala ya maji, robo tatu ya dumu kwanza, kwa sababu likijaa linakaribia kilo 32.

Siku hizohizo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, jivute kwenye bomba hadi jumla ifike 25, hata kama ni mbilimbili. Kidevu kivuke bomba, na ukishuka nyoosha mikono kabisa. Wanaoishia katikati ndio wanaolalamika mgongo haupanuki. Pushapu miguu ikiwa juu ya stuli, seti 4, kila seti ubakize mbili ambazo ungeweza kupiga. Skwati ukiwa umelikumbatia dumu moja kifuani, seti 4 za 12. Shavu la mguu simamia ngazi, vidole juu, kisigino kikining'inia, seti 3 za 20, taratibu. Shingo: lala chali kichwa kikiwa nje ya benchi, itikia "ndiyo" mara 20, seti 2, bila uzito wowote. Usisimamie kichwa kama wacheza mieleka, pingili za shingo hazina spea.

Vyuma vya zege vya kunyanyua vianze leo, maana vinahitaji siku 28 kukomaa, na hizo ni nusu ya muda wako. Bomba la chuma la inchi moja na nusu, urefu mita 1.5. Unene huo ndio unaojenga ule mkono wa Bronson. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke vipande viwili vya nondo msalaba kila ncha. Bila msalaba zege likishakauka bomba linazunguka ndani yake, na siku moja litakuchomoka juu ya kichwa. Makopo ya rangi ya lita 4, saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3, maji kidogo, lisiwe uji. Simamisha bomba kwa timazi, mwaga, subiri siku 2, geuza, mwaga upande wa pili. Funika kwa gunia bichi siku 7. Kila kopo litakupa kilo 9 na nusu hivi, na ukijumlisha bomba, chuma kizima ni kama kilo 24. Kwa kusukuma juu ya kichwa kinakutosha. Kabla ya kukitumia kining'inize kwa kamba katikati. Kikilalia upande, sogeza kamba mpaka kitulie, hapo weka alama ya rangi, na mikono yako ipimwe kutoka alama hiyo.

Chakula: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Ukiwa na kilo 75 ni gramu 120. Mayai 4 ni 24, vikombe 2 vya maharage yaliyopikwa ni 30, dagaa wakavu gramu 50 ni kama 30, maziwa nusu lita 16, karanga gramu 50 ni 13, na unga wa ugali unamalizia. Hakuna kopo la unga wa kutoka nje hapo. Unachopunguza ni soda, chipsi na bia. Ugali usiupunguze mpaka uone kiuno kimegoma wiki 2 mfululizo. Wanaokata wanga siku ya kwanza wanaishiwa nguvu siku ya tano, wiki ya tatu wako kwa muuza chipsi.

Harusini utavaa suti, mdogo wangu. Sikspaki ataiona nani, mshenga? Fundi asikate koti kabla ya wiki ya 7, kwa sababu bega na shingo vitakuwa vimeongezeka. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia, usizidi hata nusu inchi. Kola iingize vidole viwili. Suruali ikae kwenye kitovu kama walivyovaa wakina Wayne, miguu inarefuka na kitambi kinapata pa kujificha.

Na ile picha ya Zanzibar uliyoitaka, utaipata. Saa 11 na nusu jioni, pushapu 20 kwanza pale mchangani, kisha simama ubavu kwa jua. Maji umekunywa. Mwambie shemeji apige haraka, uvimbe haukai.