Dada wa Kimara, usirushe hiyo sumu darini

Hizo pakiti za sumu ya panya ulizosema umeshanunua na leo usiku unazirusha darini, ziache mezani kwanza. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala nikashindwa kutulia. Umeuliza uweke sumu kiasi gani, paka anasaidia au hasaidii, kile kifaa cha kufukuza panya cha kuchomeka kwenye soketi kinafanya kazi au ni utapeli, na kama mwenye nyumba anapaswa kuchangia. Hapa najibu la sumu, maana ndiyo iliyonitesa.

Mimi nilirusha. Ilikuwa Februari 2021, nyumba ya kupanga Tabata, dari ya jipsamu na juu yake mabati. Ikifika saa tano usiku panya wanaanza kukimbizana juu ya vichwa vyetu utadhani wanahamisha makabati. Siku moja nikapita Kariakoo, nikakuta kijana na meza yake, spika inaimba dawa ya panya, mende, kunguni. Nikamuuliza swali moja tu: je, wakifia darini? Akanijibu bila kupepesa macho, "Bosi, wakila hii wanashikwa na kiu, wanatoka nje kutafuta maji, wanafia huko huko. Na hata akifia ndani, anakauka, hanuki." Nikanunua pakiti sita. Vipakiti vya nailoni, ndani punje nyekundu kama ngano iliyopakwa rangi, nje picha ya panya kalala chali. Hakuna jina la dawa, hakuna aliyeitengeneza, hakuna namba ya usajili.

Dada, habari ya kiu ni uongo. Inapita mdomo hadi mdomo, na wewe pia umeiandika kwenye swali lako kama kitu cha kweli. Sumu nyingi za punje huzuia damu kuganda. Panya akila leo hafi leo, anachukua siku tatu, nne, hata wiki, damu inavujia ndani kwa ndani. Katika siku hizo anadhoofika, na kiumbe aliyedhoofika hatoki nje kwenda kutalii, anarudi alikozoea kulala. Kiota chake kiko wapi? Darini kwako, kwenye kona ambayo hata fundi hafiki.

Nilirusha Alhamisi. Jumatatu ikawa kimya kabisa, nikamwambia mke wangu tumeshinda. Ijumaa asubuhi harufu ikaanza. Kwanza tukadhani ni friji, tukatoa kila kitu, tukaosha. Tukadhani ni karo. Jumamosi ikawa haina ubishi tena, na unajua joto la Februari chini ya bati lilivyo. Nzi wakubwa wa kijani wakajaa kwenye dirisha la chumba cha watoto, wanajigonga kwenye kioo. Halafu kwenye dari, juu ya kitanda cha binti yangu, kukatokea doa la rangi ya chai ya rangi, ukubwa wa kisosi, kesho yake likawa sahani. Jumapili usiku mke wangu aliingia kumfunika mtoto, akaona vitu vyeupe juu ya chandarua. Funza. Walikuwa wanapenya kwenye kiungio cha jipsamu na kudondoka mmoja mmoja. Chandarua kile ndicho kilichomkinga mtoto wangu usoni.

Fundi alikata dari sehemu tatu kabla ya kuwapata wote. Walikuwa saba, wanne wamerundikana pamoja. Karatasi za jipsamu, ufundi, kuskimu, rangi ya vyumba viwili, jumla laki tatu na themanini elfu, na nililipa mwenyewe kwa sababu aliyeharibu nyumba ya watu ni mimi. Tulilala sebuleni siku kumi na moja.

Fedha nimeshaisahau. Ninachoshindwa kusahau ni viwili. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, alikuwa na paka ambaye ndiye aliyekuwa akipunguza panya mtaani kwetu. Paka alimla panya aliyekuwa anayumba uani. Siku ya tatu akaanza kutoka damu puani, akafa kwenye kizingiti cha mama yule. Nilikwenda kumwambia ukweli, akasema tu, "Basi, baba." Sijawahi kusemwa kwa uchungu zaidi ya hapo.

Cha pili: wakati tunahamisha vitu, nilitikisa kiatu cha shule cha binti yangu, zikadondoka punje nyekundu kumi na moja. Panya wamezibeba kutoka darini wakazihifadhi kiatuni. Ndivyo walivyo, chakula cha punje wanakihamisha na kukificha. Kwa hiyo unapoirusha juu ukajiambia mtoto hafiki huko, kumbuka sumu yenyewe inaweza kumshukia. Na mtoto akimeza, usimtapishe, wala usimpe maziwa kama wanavyosema mtaani. Kimbia naye hospitali, na pakiti mkononi. Sumu inayozuia damu kuganda ina tiba, ni vitamini K1, lakini daktari atajuaje ni ipi kama pakiti ina picha ya panya tu? Kwa ile yangu, nimejua aina kwa kukisia tu, kwa jinsi walivyochelewa kufa. Dawa halali inaandikwa kilichomo na inasajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Nilirudi Kariakoo kumtafuta yule kijana nimwoneshe picha ya dari. Meza nikaikuta, mtu mwingine anauza kava za simu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na kila ninayemkuta na panya namwambia hiyo hiyo: panya afie mahali ambapo mkono wako unafika. Ukishindwa kumtoa, usimuulie hapo.

Ndiyo maana sasa natumia mitego ya kubana tu, ile ya mbao na springi. Lakini mtego bila kuziba ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Panya jike anabeba mimba kama wiki tatu tu, anazaa watano, sita, hata wanane. Unaua wawili, nje wanaingia wengine. Chukua penseli, zunguka nyumba. Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita sita, yaani penseli ikipita, naye anapita. Angalia bomba linapoingia ukutani chini ya sinki, waya wa umeme unapoingia, ufa wa chini ya mlango wa uani, na pale mawimbi ya bati yanapokaa juu ya ukuta. Mimi pale juu ya ukuta ndipo palipokuwa barabara kuu yao, na tawi la mwembe lilikuwa daraja. Shindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha piga saruji juu. Usizibe kwa matambara au boksi, watatafuna usiku mmoja.

Ukishaziba, tega mingi kwa mpigo, sita au nane, kando ya ukuta, upande wa chambo uguse ukuta, maana panya hutembea akipapasa ukuta kwa sharubu. Chambo kidogo tu, siagi ya karanga kiasi cha punje ya harage. Unga na mchele viingie kwenye ndoo zenye mfuniko. Kinyesi chao usikifagie kikavu, kiloweshe kwa maji yenye jiki dakika tano ndipo ufute, na vaa glavu. Wanabeba magonjwa. Ile homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022 ni ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Zile pakiti usizitupe jaani, kuku na mbwa wanapekua pale. Zifungie kwenye kopo, uweke juu asikofika mtoto, umuulize bwana afya wa kata wako namna ya kuziteketeza. Na kama umesoma hapa ukiwa umeshazirusha, panda sasa hivi na tochi ya simu uziokote, kabla hawajaanza kuzihamisha. Hesabu pakiti ulizofungua. Halafu tikisa viatu vya watoto.