Usipige leza juu ya bomba ambalo hujalisaga

Mkuu, subiri kwanza. Umesema bunduki ya leza, ile ya mkononi ya kupima chuma kina elementi gani, imefika, kesho mnaanza kukagua mabomba ya stenlesi 316L (316 yenye kaboni kidogo) kabla ya kuchomelea, na muuzaji kakwambia "elekeza, bonyeza, soma". Halafu unauliza betri inakaa saa ngapi na kama inapima aluminiamu. Achana na betri. Saga bomba kabla hujapiga!

Kila pigo la leza linakula mikroni chache tu za juu, kwenye kidoa kisichofika nusu milimita. Kilichoko juu ndicho kinachogeuka plazma, yaani gesi ya moto mkali inayong'aa, na mwanga wake ndio unaosomwa: rangi, kutu, mafuta, hata alama ya kidole. Kromiamu na nikeli zinavumilia uchafu kidogo, maana zipo kwa asilimia kumi na kwenda juu. Kaboni haivumilii. 316 inaruhusiwa kaboni hadi 0.08%, 316L mwisho 0.03%, na mafuta yamejaa kaboni.

Sasa sikiliza hasara inavyokuja. Bomba halali la 316L lenye mafuta juu linasoma 0.06, mnalikataa. La pili vilevile. Fundi anachoka, anasema "hii mashine huwa inazidisha", anaanza kupunguza namba kwa kukisia. Hapo ndipo 316 ya kawaida inapopita. Ukiichomelea, kando ya mshono, palipokaa kwenye nyuzi 450 hadi 850 za Selsiasi, kaboni inanasa kromiamu kwenye mipaka ya chembe za chuma. Kromiamu ndiyo kinga dhidi ya kutu; kinga imeondoka, kutu inakula sambamba na mshono, na bomba linavuja likiwa tayari lina kemikali ndani.

Diski ya kusagia nayo si yoyote. Ile ya kabidi ya silikoni ina kaboni ndani yake, kwa hiyo unasafisha huku unapaka. Chukua ya zirkonia-alumina, ukwaru namba 60 au 80, mpya, ya stenlesi peke yake. Ikishagusa chuma cheusi, kile kisicho stenlesi, isirudi. Ukimaliza usiguse, usifute kwa tambara la karakana. Piga hapohapo.

Na argoni, gesi ya mtungi inayofukuza hewa mahali leza inapopiga, iwe safi kwa 99.999%. Mwanga wa kaboni unaosomwa uko kwenye nanomita 193, na oksijeni ya hewani inameza mwanga wa chini ya nanomita 200. Bila argoni mashine inaangalia kromiamu, nikeli na molibdenamu, kisha inakuandikia "316/316L", kwa sababu kwa elementi hizo tatu, 316 na 316L hazitofautiani. Wauzaji wanalijua hili! Wanaonyesha kwa kipande kilichokwisha kusagwa, mtungi umefunguliwa, halafu hawasemi neno. Kumuuzia mtu kipimo cha kaboni bila kumtajia diski na gesi ni kumtega.

Weka kipande cha 316L chenye cheti cha 0.02%. Kipige kabla ya kazi, katikati na mwisho, sehemu tano, chukua wastani. Kikisoma 0.04, simamisha kila kitu: saga upya, safisha kioo cha mbele, kagua mtungi. Mabomba yote yaliyopimwa tangu kilipokubali mara ya mwisho yanarudi kupimwa.