Bawa la mbele: kwa nini liitwe bawa ilhali halirushi?

SWALI: Huwa nawatangazia wenzangu mbio za Formula 1 kwa Kiswahili tunapotazama pamoja. Juzi nilisema, "Mbawa ya mbele imepoteza presha kwa sababu ya hewa chafu." Mzee mmoja akanikosoa: bawa ni la kurukia na gari haliruki, kwa hiyo niseme "spoila" au "pezi". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mzee anasikiliza kwa makini, shikamoo yake. Lakini katika neno hilo wewe ndiye uliyelenga. Bawa tukilifungia kwenye kuruka tu, itabidi tumvue mbuni mabawa yake, na kuku naye tumpunguzie. Bawa ni umbo linalopitiwa na hewa juu na chini, kisha tofauti ya pande hizo mbili ikazaa nguvu. Kwenye ndege, hewa ya juu hukimbia zaidi, mgandamizo wake hushuka, na bawa huvutwa juu. Kwenye gari la mbio bawa hilohilo limepinduliwa: hewa inayokimbia zaidi ni ile ya chini, tena imebanwa kwenye mwanya mwembamba kati ya bawa na lami, basi huenda kasi zaidi na gari hugandishwa barabarani. Kilichobadilika ni upande tu.

Spoila ni kitu kingine. Hubandikwa kwenye mwili wa gari, kama kile kipande tunachokiona juu ya buti za magari ya mtaani, na kazi yake ni kuukatiza mtiririko wa hewa. Hewa haipiti chini yake. Na pezi tuliwekee kazi yake: pezi la mgongoni mwa samaki husimama wima na kumzuia asiyumbe. Mwaka 2017 magari mengi ya Formula 1 yalikuwa na bapa lililosimama juu ya kifuniko cha injini. Hilo ndilo pezi, na ukiliita pezi la papa hakuna atakayekuuliza maana.

Ulipoteleza ni kwenye upatanisho. "Mbawa" ni wingi wa ubawa: ubawa huu, mbawa hizi. Bawa wingi wake ni mabawa. "Mbawa ya mbele" imechukua wingi wa neno moja na kuuvika umoja usio wake. Sema bawa la mbele, mabawa ya mbele.

Lini useme bawa na lini mabawa? Hapa litazame gari lenyewe. Dereva Graham Hill aliposhinda mbio za Monaco mwaka 1968 akiwa na Lotus 49B, gari lake lilikuwa na vipande viwili vidogo, kimoja kila upande wa pua, kama ndege aliyekunjua mabawa nusu. Hapo wingi unafaa kabisa, na kwa udogo wao ningesema vibawa. Tyrrell 019 ya mwaka 1990 iliinua pua juu, mabawa yakateremka kutoka pande zake mbili. Bado ni wingi. Lakini mwaka uliofuata Benetton B191 ilikuja na bawa moja zima lililopita chini ya pua iliyoinuliwa, likaning'inizwa kwa nguzo mbili. Hilo ni bawa, umoja. Bawa la magari ya mwaka 2019, lenye upana wa milimita 2,000, nalo ni bawa moja hata kama limeundwa kwa vipande vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Vipande hivyo viite vibawa. Kile kilichosimama kwenye ncha zake ningekiita bapa la pembeni, kwa kuwa tayari tuna bapa la upanga na bapa la kisu.

Sasa "presha", uliyoitumia kwa maana ya nguvu inayolilaza gari chini. Msikilizaji wetu akisikia presha anafikiria ugonjwa. Ukikimbilia "upepo" ndiyo utaharibu zaidi, maana gari likipoteza upepo watu watajua tairi limetoboka. "Mgandamizo" nao una wenyewe: watabiri wa hali ya hewa kila siku hututajia mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na bawa la mbele hufanya kazi kwa sababu ya mgandamizo mdogo chini yake. Ukiita nguvu inayolilaza gari chini "mgandamizo" pia, utajikuta ukisema mgandamizo umepungua ili mgandamizo uongezeke. Mimi nachagua mkandamizo. Wapo watakaoogopa kwamba neno hili limeshachukuliwa na siasa, lakini siasa husema ukandamizaji, na viambishi hivyo vinatosha kuyatenganisha.

"Hewa chafu" ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Kwetu hewa chafu ni moshi wa kiwanda, na mtu akichafua hewa chumbani kila mmoja anajua kilichotokea. Hewa iliyo nyuma ya gari la mbio haina uchafu, imevurugwa. Inazunguka ovyo, na bawa la gari linalofuata halipati mtiririko ulionyooka wa kufanyia kazi. Dereva anaona gari linakataa kukata kona. Kanuni za mwaka 2022 ziliandikwa upya kwa ajili ya tatizo hili: vibawa vikawekewa kikomo cha vinne, navyo vikapinda kuungana na bapa la pembeni, ili hewa isisukumwe sana nje ya matairi na kumvuruga anayefuata. Neno kuvuruga linaieleza hali hiyo yote peke yake.

Sentensi yako ningeitangaza hivi: "Bawa la mbele limepungukiwa na mkandamizo, kwa sababu gari limeingia kwenye hewa iliyovurugwa na lile lililo mbele yake." Ni ndefu kidogo. Ukiwa na haraka, sema: "Ameingia kwenye hewa iliyovurugika, bawa halishiki."