Swali la lugha: "Richter 7" au "ukubwa wa 7"?

SWALI: Tetemeko la ardhi likitokea, mtangazaji mmoja husema "lenye ukubwa wa 7 katika kipimo cha Richter", mwingine "nguvu ya Richter 7", wa tatu "7 kati ya 10". Usemi upi ni sahihi?

JIBU: Wa kwanza, tena ukimwacha Richter apumzike.

Ukubwa wa tetemeko hauna kizio. Richter si kizio kama mita au kilo. Ni jina la mtu, Charles Richter, aliyetunga kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya matetemeko ya kusini mwa California. Matetemeko makubwa sana yalikishinda kipimo hicho. Mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walileta kingine, kinachozingatia eneo la ufa uliopasuka, umbali ambao miamba imeteleza na ugumu wa miamba yenyewe. Namba za matetemeko makubwa zinazotangazwa siku hizi hutokana na hicho. Richter amebaki midomoni kwa mazoea tu.

"7 kati ya 10" ufute kabisa. Hizi si alama za mtihani: kipimo hakina namba ya mwisho, ingawa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, la Chile mwaka 1960, lilikuwa la 9.5. Wala usiandike kwamba tetemeko la 8 ni maradufu ya la 4. Namba ikipanda kwa moja tu, mawimbi yanayochorwa na seismografu, chombo cha kunasa mitetemo ya ardhi, hukua mara 10, na nishati inayotoka huongezeka mara 32 hivi.

Kosa linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni kuchanganya ukubwa na ukali. Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima. Ukali hutofautiana mahali na mahali, nao hukadiriwa kwa kipimo cha Mercalli, I hadi XII kwa namba za Kirumi, kwa kuangalia watu walihisi nini na majengo yalipata nini. Januari 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, mwezi uliofuata Chile ikapata la 8.8, lililotoa nishati takriban mara 500 zaidi. Lakini la Haiti, lililotokea kina kifupi karibu na Port-au-Prince penye majengo dhaifu, liliua watu wengi zaidi kwa mbali. Sasa lipi "lilikuwa na nguvu zaidi"? Ndiyo maana neno "nguvu" mimi hulikwepa katika habari hizi. Andika "tetemeko lenye ukubwa wa 7.0", na ukitaja ukali, utaje pamoja na mji ulioupata.